Fundi Aliyekataa Tenti

Kile kijitabu walichochapisha siku ya mazishi ya Fundi kina picha kumi na nne, na hakuna hata moja ambayo anashona. Nimekipitia chote, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikienda mbele ya macho. Kuna picha amevaa kofia ya kanisa. Kuna nyingine anakata keki, sijui ilikuwa keki ya nini, maana keki hakula, alisema ni mkate umejipaka mafuta. Kijitabu kinaanzia alipozaliwa, kinapanda kwa baba yake, kinapanda kwa babu yake, na mpaka ufike ukurasa wa sita hujakutana na mtu mwenyewe. Na nje, juani, kulikuwa na tenti nne. Tenti nne, za huyo mtu. Viti vyeupe vya kukodi, spika mbili kubwa kama makabati, na kijana wa kuongoza sherehe ambaye hakumjua kabisa, anatuambia tupige makofi.

Mimi sikupewa nafasi ya kusema neno, na wangenipa ningekataa. Lakini nimerudi nyumbani na hasira, na hasira ya mtu wa umri wangu haishuki, inakaa hapa kifuani kama chakula kilichokwama. Shule nilifika darasa la nne peke yake, kwa hivyo anayetaka kunisahihisha asahihishe. Nitasema nilivyomjua. Kuzaliwa kwake nawaachia wenye kijitabu.

Alikuwa mwanamke wa kushona nguo za shule huko Makongeni, kwa kibanda cha mabati kando ya duka la unga. Miaka hiyo nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha ngozi hapa Thika, na harufu ya ngozi mbichi mnaijua, au hamuijui, bora msiijue. Ukioga inabaki. Kila jioni nikipita mbele ya kibanda chake alikuwa anasema bila kuinua kichwa kutoka kwa cherehani, "Ng'ombe imerudi nyumbani." Wateja wanacheka. Mimi namjibu, "Afadhali ng'ombe kuliko uzi." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa habari ya jioni yetu kwa miaka na miaka, na siku moja nikiwa mgonjwa sikupita, akatuma mtu kuuliza kama ng'ombe imechinjwa.

Nguo zake zote zilikuwa kubwa. Watu watakwambia alikuwa fundi hodari, na ni kweli, mshono wake haukufumuka, lakini mtoto akivaa sare mpya ya Fundi alionekana amekopa ya mjomba. Upindo aliuacha mrefu, karibu shubiri, ili nguo ishushwe mwaka ujao na mwaka unaofuata. Akina mama walilalamika hapo mlangoni kila Januari.

"Fundi, hii sketi inamfika mtoto kwa kisigino."

"Mtoto anakua."

"Lakini shule ni Jumatatu."

"Jumatatu atakuwa amekua kidogo."

Futi ya kupimia aliivaa shingoni lakini hakuitumia. Alikutazama mara moja, amemaliza. Futi ilikuwa ya wanaume wabishi peke yao. Mwanamume akibishana alimpima kiuno polepole, halafu anasoma namba kwa sauti, mtaa wote usikie.

Sasa, wale waliosimama kwa spika walisema alikuwa mpole na mkarimu. Mpole nani? Alikuwa na mdomo mkali. Na mkarimu alikuwa kwa njia yake mwenyewe, ya kukuudhi. Alimshonea bure mtoto wa mlevi mmoja suruali mbili, halafu mimi jirani yake nikimwomba sindano ya kushonea kifungo ananiambia sindano zinauzwa. Alikunywa chai bila sukari ati anabana matumizi, halafu akanunua redio kubwa kuliko meza yake. Kanisani alikosa Jumapili mbili kwa kila tatu, na hiyo moja aliyokuja aliimba kwa sauti ya juu kuliko kwaya, mpaka mwalimu wa kwaya akamwomba apunguze, naye akamwambia, "Wewe ongeza."

Hakupenda kukuona ukilia. Ukienda kulia kwake alikupa nguo ufumue, sare kuukuu ya kutoa uzi. Mke wangu alipokufa nilifumua blauzi sita kwa kile kibanda. Sijawahi kumwambia mtu.

Alikuwa na mtoto mmoja, msichana, Muthoni. Kwa hivyo sisi sote tulimwita Mama Muthoni, kama ilivyo desturi yetu. Muthoni aliingia chuo kusomea uuguzi, na yule mama alishona zile nguo nyeupe mwenyewe, kubwa, kama kawaida. Ilikuwa imebaki mwaka mmoja na nusu amalize. Homa ilimshika, wiki moja na siku mbili, akaenda.

Hapa ndipo hasira yangu inaanzia, na kwanza ni juu yangu.

Mtu akifa kwetu kamati inaundwa kabla machozi hayajakauka. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Nilipenda kuwa mwenyekiti, wacha niseme ukweli. Kiwandani nilikuwa mtu wa kubeba, lakini kwa kamati ya mazishi nilikuwa naketi katikati na kalamu sikioni, na hata mwenye duka la unga alininyamazia. Jioni tano tulikutana kwa uwanja wangu. Mchango uliingia vizuri, maana Muthoni alipendwa. Tulipanga basi mbili za kupeleka watu Ngoliba, ambako mama alikuwa na kipande cha shamba, tukapanga tenti, fahali, kijitabu cha rangi, na kwaya yenye sare yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza yeye. Hiyo muiandike. Jioni tano, na mwenye msiba yuko hapo ng'ambo ya kamba ya nguo, hakuna aliyemuuliza.

Jioni ya tano alikuja mwenyewe. Alisimama, akakataa kiti.

"Hizi pesa mmechanga za nani?"

Nikamwambia, "Za Muthoni, mama. Pole sana."

"Za Muthoni?"

"Za Muthoni."

"Basi nipeni. Nazipeleka chuoni kwao."

Tulidhani msiba umemchanganya kichwa. Mama mmoja alimshika mkono, Fundi akautoa kwa upole. Akasema Muthoni alikuwa na nafasi kule, kitanda na kiti na jina kwa kitabu cha darasa, na yeye hataki hiyo nafasi ikae tupu. Ataweka mtoto mwingine amalizie. Na ofisini wataandika kwamba aliyelipa ni Muthoni, kila muhula, kwa wino, na muhuri juu yake.

"Na watu watakula nini Ngoliba?" mwenye duka aliuliza.

"Wale kabla watoke nyumbani."

"Na tenti?"

"Jua ni la Mungu. Litawachoma kidogo, mtapona."

Alichukua ule mfuko mezani, mbele yangu, mimi mwenyekiti. Na hakuna aliyeweza kumzuia, kwa sababu tulikuwa tumesema wenyewe ni za Muthoni.

Kesho yake asubuhi alizika. Sanduku la mbao za kawaida, halikupakwa rangi, na pikapu moja. Sisi wengine tulijilipia nauli mpaka Ngoliba, na kule chini mnakujua, jua linashika kama pasi. Hakuna maji, hakuna kiti, vumbi linaingia kwa viatu vya harusi. Watu kama mia hivi, wamekasirika kuliko walivyohuzunika. Mchungaji alimaliza upesi. Halafu akasema, kama ilivyo kawaida, mwenyekiti wa kamati aseme mawili matatu.

Nilisema moja. Nilisema, "Wazazi wengine huzika watoto wao. Huyu wetu ameuza wake."

Watu waliitikia, mm, kama wanavyoitikia mahubiri. Yeye alinitazama mara moja, vile alivyokuwa anatazama mtu wa kushonewa. Halafu akawaambia vijana wa majembe, "Endeleeni na mchanga."

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa miaka nilijiambia ni njaa na jua. Si njaa. Mke wangu nilimzika kwa tenti tatu na basi mbili. Niliuza ng'ombe wa maziwa, nikauza na mabati niliyokuwa nimewekea nyumba ya pili, watu wakala wakashiba wakasema huyu mzee amemsindikiza mke wake. Muhula uliofuata kijana wangu alirudishwa kutoka kidato cha pili, sina cha kumpa. Hakurudi tena. Leo anasukuma mkokoteni sokoni. Wale waliokula fahali wangu wanapishana naye wakisema habari kijana. Sasa mwanamke wa cherehani anasimama mbele yangu anafanya kwa asubuhi moja kile ambacho mimi sikuwa na ujasiri wa kufanya. Ningekosaje kumchukia?

Baada ya hapo watu waliacha kumwita Mama Muthoni. Wengine kwa chuki, wengine kwa kuogopa kutonesha kidonda. Ikawa Fundi, Fundi, Fundi. Hiyo ilimuudhi kuliko maneno yote ya Ngoliba. Nilimsikia siku moja akimwambia mteja, "Mtoto wangu alikufa. Jina lake halikufa, ni nyinyi mmelizika." Mteja aliomba radhi, akamwita Fundi tena kabla ya kutoka. Na mimi hapa namwita Fundi. Nimezoea. Ni ubaya wangu mwingine, uwekeni pamoja na huo wa kwanza.

Aliyepelekwa kwa nafasi ya Muthoni mara ya kwanza alikuwa msichana wa Gatuanyaga, alikuwa amekatiza masomo akarudi kuchuma kahawa. Akamaliza. Halafu akapelekwa kijana. Waliomaliza walikuwa wanachangia karo ya anayefuata, na Fundi anaongeza pesa za cherehani. Sheria zake zilikuwa chache na zilikuwa za mtu mkaidi. Hakuchukua mtoto anayeanza chuo. Alichukua aliyefukuzwa katikati. "Anayeanza ana harambee," alisema, "ana shangazi, ana kanisa. Huyu wa katikati kila mtu anadhani ameshasaidiwa." Hakutaka picha. Hakutaka kushukuriwa kwa magoti. Msichana mmoja alipiga magoti, akaambiwa kwa vile yuko hapo chini aokote pini.

Na kuna siku ya yule mheshimiwa aliyekuwa anatafuta kura. Alikuja na watu wa kamera na cheki ya karatasi ngumu, kubwa kama mlango, imeandikwa jina la Muthoni kwa herufi ndogo na la kwake kwa herufi za kuonekana kutoka barabarani.

Fundi aliigusa pembeni. "Hii naipeleka benki gani?"

"Hii ni ya picha tu, mama. Ile ya kweli itafuata."

"Basi hata mimi wa kweli nitafuata. Kwa sasa piga picha na cherehani."

Wakaondoka wakiwa wamekasirika, wakaiacha ile cheki kwa sababu haikuingia kwa gari vizuri. Ya kweli haikufuata mpaka leo. Fundi aliikatakata ile karatasi akatengeneza vielelezo vya kukatia kola. Ilikuwa karatasi nzuri, ngumu, alisema hajawahi kupata kama hiyo. Watoto wa Makongeni wamevaa kola zilizokatwa kwa jina la mheshimiwa miaka na miaka. Na huyo mheshimiwa ndiye aliyepewa kipaza sauti siku ya mazishi ya Fundi, dakika ishirini, chini ya tenti ya mbele. Mnanielewa sasa?

Miguu ilipoanza kumvimba alihama Makongeni, akaenda Kimbo, kule Ruiru, akapanga chumba cha chini kwa ploti ya vyumba vya kupangisha ya msichana mmoja aliyemaliza kwa nafasi ya Muthoni. Sikumuaga. Miaka yote hiyo tangu Ngoliba tulikuwa hatusemezani. Sikupita mbele ya kibanda chake. Nilizunguka kwa nyuma, kwa mtaro, na viatu vya kazi. Hakuna aliyenitania tena kuhusu ng'ombe.

Halafu mjukuu wangu Njeri, mtoto wa huyo huyo kijana wa mkokoteni, akafukuzwa chuo. Alikuwa anasomea mambo ya umeme, mwaka wa pili, na ana akili, hiyo si mimi nasema. Alikaa nyumbani muhula mmoja, akakaa wa pili. Nikaona anaanza kuamka saa nne. Watu wakaniambia, si kuna nafasi ya Muthoni? Nikawaambia wafunge midomo. Njeri mwenyewe alipoitaja nilimkataza, sikumwambia kwa nini. Akaandika fomu kwa siri. Niliambiwa tu siku jibu lilipokuja, na jibu lilikuwa fupi: aje, na aje na babu yake.

"Guka, usipoenda sitaenda," Njeri aliniambia. "Na nisipoenda basi."

Kwa hivyo nilienda. Nilivaa koti. Njia nzima mpaka Kimbo nilikuwa natengeneza majibu.

Alikuwa ameketi karibu na mlango, cherehani mbele yake, miguu juu ya debe lililogeuzwa. Alikuwa amepungua sana, lakini mdomo ulikuwa pale pale. Alimsalimia Njeri kwanza, akamuuliza yuko mwaka gani, anasoma nini, nani anamfundisha. Akamuuliza kama umeme wa nyaya unamrusha. Njeri akasema mara mbili tu. Alifurahi na hilo jibu, nilimwona. Mimi nilikuwa nimesimama kama kibao.

Kisha akanigeukia. "Mzee, huyu mtoto anajua?"

"Anajua nini?"

"Yale maneno ya Ngoliba."

"Hajui."

"Mwambie."

Nikasema hayo ni ya zamani. Nikasema sisi ni wazee, tuachane nayo. Akaokota uzi kutoka kwa gauni lake, akauangusha chini, akangoja. Njeri alikuwa ananitazama. Kama ningetoka wakati huo, chuo kilikuwa kimeisha, na alijua, na mimi nilijua.

Nikamwambia. Nilisema, "Njeri, siku wanamzika Muthoni mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti. Nilisimama kaburini nikasema wazazi wengine huzika watoto wao, huyu mama ameuza wake."

Njeri aliinamisha kichwa. Ningependa angenitukana.

Fundi akasema, taratibu, "Na leo umekuja kununua."

Nikasema, "Nisamehe, mama." Sijui kama alisikia. Alikuwa ameshaanza kupekua droo ya cherehani. Akatoa fomu ya Njeri, ina muhuri wa chuo.

"Nilipitisha Jumanne," akasema. "Anaripoti Jumatatu."

Nilipandwa na hasira. "Kama ulipitisha Jumanne, mimi ulinitakia nini?"

"Huko chuoni kuna watu wa Makongeni. Siku moja mmoja atamwambia babu yake alisema nini. Angeona aibu kuandika jina la Muthoni kwa risiti, angeacha masomo. Sasa amesikia kwako, imeisha." Halafu akamwambia Njeri, "Mpeleke nyumbani, amechoka. Na ule kwanza, kuna viazi."

Tulikula viazi. Nilipoinuka alinitazama koti, akasema bega la kushoto limefumuka. Sikumwona tena akiwa hai.

Tukienda kushika gari pale steji Njeri alikuwa ameshika fomu kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa natembea mbele kwa haraka, nagonga mawe kwa fimbo.

"Guka, si tumepata? Sasa umekasirika na nini?"

Nilimwambia anyamaze, atazame magari. Sikuweza kumjibu wakati huo. Sasa naweza. Mimi nilimtukana mbele ya watu mia, kaburi la mtoto wake likiwa wazi. Alikuwa na mdomo wa kunimaliza, na aliufunga miaka yote hiyo. Angeufungua pale pale Ngoliba. Angeufungua kanisani, au sokoni, siku yoyote, na watu wangecheka mpaka nihame Thika. Alingoja mpaka tuko watatu kwa chumba kimoja, akanijibu mara moja, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, halafu akanipa viazi.